Jani la Mgomba na Bawa Jekundu

Mimi napiga pasi. Naanza na hapo kwa sababu watu wa Kasulu wakinieleza huanza na mkono. "Yule mama mwenye mkono ulioungua." Mkono upo, nitaufikia. Lakini kabla haujaungua nilikuwa napiga pasi, na baada ya kuungua napiga pasi, na shati nililolinyoosha mimi likiingia kanisani, mwenye suti ya dukani anajitazama kola.

Pasi yangu ni ya mkaa, ile yenye jogoo mbele. Nilipewa na mama yangu kule Kibondo, ambako wazazi wangu walifikia walipokimbia kutoka Burundi. Mimi nimezaliwa huku, nimesoma huku mpaka darasa la nne, na kitambulisho changu ni cha huku. Nayasema haya kwa sababu kuna watu waliyajua vizuri siku ya harusi yangu, wakaja kuyasahau walipolitaka shamba.

Kazi ya mabawa ilinijia kwa njia ya mashati. Nyuma ya soko kuna karakana ya ufundi, wanafundisha useremala na ushonaji. Mkuu wa pale ni mtu msafi, mashati yake yote meupe, na mwenye kuyanyoosha ni mimi. Siku moja alikuja kuyachukua akiwa amenuna.

"Mkuu, nimekuunguzia?"

"Hapana, mama. Umeme. Ulikatika, uliporudi ukarudi na hasira, ukaniulia kipasi changu."

"Kipasi cha nini, na mashati yako ninayo mimi?"

Ndipo akanieleza habari ya ndege. Walikuwa wanaunda ndege ndogo, za kurushwa kwa rimoti, za kufundishia sayansi mashuleni. Bawa moja zima, ncha mpaka ncha, lilikuwa na urefu wa mtu mzima aliyenyoosha mikono. Mifupa yake ni ya mti mwepesi sana, na juu ya mifupa linavishwa plastiki ya kubandikwa kwa moto. Kipasi kidogo cha umeme ndicho kilichokuwa cha kazi hiyo. Sasa kimekufa, na shule iliyoagiza ndege inasubiri.

"Niletee," nikamwambia.

Akautazama mkono wangu wa kulia. Vidole viwili vya mwisho vimevutwa na kovu vikalala kwenye kiganja, na ngozi kuanzia hapo mpaka kwenye kiwiko ina mabonde na vilima kama barabara ya masika.

"Mama, mkono huo na moto tena…"

"Mkuu, mkono huu na moto walishaonana. Hawana cha kufichana."

Akacheka, lakini hakukubali kirahisi. Akaniwekea sharti mbele ya watu. Nitavisha bawa moja. Likishika hewani, kazi ya kuvisha mabawa ni yangu, na chumba cha nyuma ya karakana ni changu cha kulala. Lisiposhika, kuna mtu Kigoma mjini atapelekewa. Chumba kile nilikuwa nakijua. Ukuta wa tofali za kuchoma, mlango wa mbao, mabati juu. Wakati huo nilikuwa nalala kwa mwanamke mwenzangu wa kanisa, kwenye stoo ya mahindi, na kila akikohoa nilikuwa nahisi ananikohoa mimi.

Kwa hiyo nikaibeba pasi yangu nikaenda.

Aliyenifundisha kuvisha ni seremala Mkongomani. Alikuwa anatoka kambi ya Nyarugusu kwa kibali, mtu mrefu, mpole, anayeongea na mbao kama anazibembeleza. Yeye ndiye aliyeiunda mifupa ya bawa: mbavu nyembamba zimepangwa kutoka ncha hadi ncha, mti mmoja umepita mbele, mwingine nyuma. Ukilinyanyua unadhani hujanyanyua kitu.

"Bon, mama," alisema, "hii plastiki iko na sura mbili. Sura ya huku inang'aa. Sura ya huku iko na gundi, lakini gundi inalala. Weye unaiamusha na pasi. Pole pole. Huu si moto wa kupika sombe."

"Mimi sipiki sombe. Napika isombe ya Waha, kisamvu chetu."

"Ni majani moja, mama."

Nilielewa haraka, tena sioni aibu kusema. Plastiki hii inataka moto wa aina mbili. Moto mdogo unaiamsha gundi, inashika kwenye mbao. Moto mkubwa zaidi unaifanya plastiki yenyewe ijivute, inakaza juu ya mbavu mpaka ukiigonga kwa ukucha inalia kama ngoma. Ukizidisha hapo inatoboka, na tundu halishoneki. Kipasi cha umeme kilikuwa na kitufe cha kuchagua moto. Pasi yangu haina kitufe, ina tone la maji. Nadondosha tone chini ya pasi: likilala na kutoa mapovu taratibu, huo ni moto wa kubandika. Likipiga kelele na kurukaruka, ni wa kukaza. Likikimbia kama gololi, weka pasi chini, kasalimie jirani, urudi baadaye.

Nikachagua mkaa mgumu usiorusha cheche, nikakung'uta majivu nje. Nikavisha upande wa chini kwanza. Nilishikiza katikati, nikashikiza ncha, nikavuta mikunjo kwa vidole na kuzunguka ukingo wote kwa moto mdogo. Kisha upande wa juu, na plastiki ya juu ikapanda kidogo juu ya ile ya chini kwenye ukingo wa mbele wa bawa, ule unaokutana na upepo. Hapo ndipo mshono ulipo. Halafu nikaongeza moto nikaanza kukaza, na mikunjo ikawa inakimbia mbele ya pasi, inaisha yenyewe.

Vidole vyangu viwili havisikii moto, na hilo lilinisaidia kushika ncha karibu na pasi. Lakini nilipoiona plastiki ile inajivuta mara ya kwanza, nililazimika kutoka nje kidogo.

Mkongomani akanifuata. "Mama, umechoka?"

"Sijachoka. Nilishaiona plastiki ikifanya hivyo."

Nyumba yangu ilikuwa upande wa Titye, ya nyasi. Kambi ya Mtendeli ilipofungwa, shitingi zake, yale maturubai ya plastiki, zikauzwauzwa mpaka vijijini, na marehemu mume wangu akanunua moja akaitandaza chini ya nyasi kuzuia mvua. Ilitufaa sana. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu akaanza kusema mkimbizi hawezi kurithi. Nikakataa kuondoka. Mchana mmoja nikiwa ndani nachambua maharage, nyasi zikawaka kutoka upande wa nje, upande ambao hakuna jiko. Shitingi ikaanza kujikunja na kudondoka. Nilikinga kichwa kwa mkono. Ndio mkono huu.

Wanasema nisitaje. Nataja. Aliyewasha ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu; nilimwona kupitia dirisha akiondoka, hakukimbia, alitembea. Aliyetangaza kwamba ni cheche za jikoni ni mwenyekiti wa kitongoji, ambaye jioni ile ile alikuwa kwa shemeji anakunywa pombe ya ndizi. Na aliyenijia hospitali bandeji haijatolewa, akaniambia nisamehe na nitafute kosa langu mwenyewe ndani ya moto ule, ni mzee wa kanisa la kule, ambaye sasa analima kipande cha shamba langu cha kuelekea mtoni. Majina sijaandika. Si kwa kuogopa. Kwetu ukitaja cheo, jina linajitaja.

Siku ya kurusha tulikwenda kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji, kwenye barabara ya Kibondo. Bawa langu jekundu lilikuwa limefungwa juu ya ndege, limenyooka, halina hata kunyanzi moja. Dada wa stoo ya karakana, ambaye huwa hasifii kitu, alisema, "Mama, hii kitu imekubali." Nikamwambia sifa azingoje ndege ikiwa hewani, lakini moyoni nilikuwa nimeshatandika kitanda kwenye chumba changu.

Mkongomani akashika rimoti. Pangaboi likazunguka, ndege ikakimbia, ikaacha nyasi. Mawe, mama yangu! Kitu kilichopita mikononi mwangu kinapanda juu ya migomba ya watu. Ikazunguka mara ya kwanza vizuri. Ya pili, Mkongomani akaielekeza chini ili ichukue kasi, na hapo nikasikia sauti kama bendera kwenye upepo. Mshono wa ukingo wa mbele ulifunguka. Upepo ukaingia ndani ya bawa, plastiki ikavimba na kuchanika, ndege ikajipindua na kuanguka kwenye shamba la maharage.

Mwenye shamba akatokea na jembe. "Haya maharage mlipanda nyie?"

"Samahani, mzee," mkuu akasema.

"Samahani inaota? Kalimieni ndege zenu kwenu!"

Tukaokota. Mkuu hakunisema pale. Alinisema tulipofika karakana, na alisema kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Mama, nilisema."

"Ulisema nini?"

"Mkono. Labda hukuweza kukandamiza. Si kosa lako."

Plastiki iliyobaki ilikuwa inatosha kuvisha bawa moja tu, mara moja tu. Akasema ataituma Kigoma pamoja na mifupa. Nikamwomba anipe siku chache, Mkongomani aunge mbavu zilizovunjika na mimi nimtafute mkosaji. Mkuu akashusha pumzi, akakubali mpaka Jumamosi.

Mkosaji. Ndivyo nilivyosema. Mimi nimezoea hivyo: jambo baya lina mtu. Nikaanza na dada wa stoo, nikamfuata mlangoni kwake.

"Plastiki uliyonipa ilikuwa imekaa juani dirishani. Gundi ilikufa."

"Mama, usinizingue. Ilikuwa ndani ya boksi, giza totoro. Wa mwisho kuishika ni nani, mimi au wewe?"

"Hutaki nipate chumba. Unaweka baiskeli yako mle."

"Baiskeli yangu imesimama mle, hailali. Nenda mama, nina kazi."

Nikamgeukia Mkongomani. Nikamwambia hakufuta vumbi la msasa kwenye mbao. Alikuwa ameketi na bawa lililochanika mapajani, anauinua ule mkanda wa mshono ulioachia, anautazama kwa chini. Halafu akaupeleka puani.

"Mama, weye unapika chikwange?"

"Chikwange ndiyo nini?"

"Mukate ya muhogo, tunafunga na majani. Hii plastiki inanukia majani."

Nikaunusa. Harufu ile naijua kuliko harufu ya sabuni. Jani bichi la mgomba lililopitiwa na moto.

Kila mpiga pasi wa mkaa huku kwetu ana jani la mgomba pembeni. Mama yangu alikuwa nalo, na aliyemfundisha alikuwa nalo. Pasi ikianza kukwama unaiburuta juu ya jani mara kadhaa, inatoka masizi, inapata utelezi, inaenda kwenye kitambaa kama inasukumwa. Hufikiri. Mkono unakwenda wenyewe kwenye jani kama unavyokwenda kwenye pua inayowasha. Na nilipokuwa navisha lile bawa, jani lilikuwa pale mezani, na nililitumia tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa raha zangu.

Nikachota maji nikanyunyiza. Kwenye kipande cha plastiki kipya, maji yalitambaa kidogo yakalala. Kwenye upande wa chini wa bawa, pasi yangu ilipokuwa imepita, yakajikusanya vidonge vidonge yakabingirika, kama umande unavyobingirika kwenye jani la mgomba lenyewe. Jani lina nta yake. Nilikuwa nimeipaka nta ile juu ya plastiki ya chini, ukingo mzima, halafu nikaja kubandika ya juu juu ya nta. Gundi ilishika nta. Upepo ulipokuja, nta ikaachia.

Mkongomani akanitazama, anangoja nimgeuzie maneno mengine.

"Ni mimi," nikamwambia.

"Ni majani, mama."

"Jani halina mkono."

Nilikaa kwenye benchi la seremala muda mrefu. Mtu asidhani nilikuwa nalia. Nilikuwa namfikiria yule mzee wa kanisa na maneno yake ya hospitali, kwamba nitafute kosa langu. Watu wa namna ile wangependa sana kuisikia hadithi hii ya jani. Wangesema, umeona? Hata wewe unakosea, hata wewe hukumu zako zinapotea njia, hebu basi legeza na yale ya Titye. Nami nawajibu hapa hapa. Jani la mgomba ni kosa langu. Moto wa nyumba yangu si kosa langu. Sichanganyi. Nikikosea nasema nimekosea, na kwa sababu hiyo nikisema sikukosea, niaminiwe.

Nikaenda kwa mkuu, nikamweleza. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, nikaona anakosa pa kuuweka.

"Kwa hiyo si mkono?"

"Mkono ulikandamiza sawasawa. Ulikandamiza juu ya nta."

"Na kwa nini mnapaka jani?"

"Ili pasi iteleze, mkuu. Hayo mashati yako unadhani yanang'aa kwa maombi?"

Kisha nikapita kwa dada wa stoo. Kumwomba mtu radhi kwangu ni kama kumeza kidonge bila maji, lakini nilimwomba.

"Kwa hiyo mimi siyo mchawi tena?" akasema.

"Bado nachunguza. Nipe spiriti ya kufutia."

Akanipa, na akaongeza pamba bila kuombwa.

Bawa la pili nilivisha peke yangu, mchana, mlango wazi. Jani nililitupa nje kwa mbuzi. Pasi niliisugua chini kwa majivu na kitambaa mpaka harufu ya jani ikaisha, halafu nikaivalisha soksi ya pamba, ili chuma kisiguse plastiki moja kwa moja. Inateleza kidogo, si kama kwenye jani. Nikavumilia. Nikavisha chini. Kabla ya kupandisha plastiki ya juu, nikafuta ukingo wote kwa spiriti, nikanyunyiza tone, nikangoja. Tone likalala. Ndipo nikabandika mshono, taratibu, kidole kwa kidole, nikikandamiza na kungoja ipoe kabla ya kusogea.

Nilipokaza upande wa juu, bawa likapinda. Plastiki ya juu ilikuwa imevuta kuliko ya chini, ncha moja ikainama kama mtu anayechungulia mfukoni. Mara ya kwanza Mkongomani ndiye aliyelinyoosha. Safari hii yeye alisimama mlangoni na mikono nyuma. Nikalishika bawa nikalipinda kinyume, kupita kidogo pale nilipotaka liishie, nikapitisha pasi upande ule uliolegea mpaka ukalingana, nikalishikilia hivyo mpaka likapoa. Nilipoachia, likabaki limenyooka.

"Vwala," Mkongomani akasema kwa sauti ndogo.

Nikawaza, laiti kovu nalo lingekubali hivyo, ulipashe moto na kulipinda kinyume. Nilishaambiwa pale hospitali vidole hivi vingeweza kunyooshwa kama ningeletwa mapema. Aliyechelewesha kunileta ni mwenyekiti yule yule, alisema pikipiki yake haina mafuta. Namwongezea hilo.

Jumamosi tukarudi uwanjani. Mwenye maharage alikuwa ameshajua, amesimama kwenye mpaka wa shamba lake na jembe begani kama askari wa geti.

"Mwakeye, mzee," nikamsalimu.

"Mwakeye. Leo inaanguka upande gani? Niambie nisogee."

"Leo haianguki."

"Nani kasema?"

"Aliyelivisha."

Ndege ikaondoka. Ikazunguka, ikapita juu yetu, na jua likapenya kwenye bawa mpaka zikaonekana mbavu zote moja moja, nyekundu, kama unavyouona mkono wako ukiuweka mbele ya taa. Mkuu hakuwa anaitazama ndege, alikuwa anautazama mshono. Akamwambia Mkongomani, "Ishushe kama siku ile."

"Mkuu, ni plastiki ya mwisho."

"Ishushe."

Mkongomani akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Ndege ikaelekeza pua chini, ikaja kwa kasi juu ya mpaka wa shamba, mzee wa maharage akainama na jembe lake, na mimi nikategea sikio ile sauti ya bendera. Nilisikia pangaboi tu. Ikanyanyuka, ikapanda tena. Mkongomani akarudia bila kuambiwa, kwa ubishi wake mwenyewe, kisha akaileta chini kwenye nyasi.

Nilifika wa kwanza. Nikapitisha ukucha kwenye mshono wa mbele, ncha mpaka ncha. Haukuingia popote.

Mkuu alikuja nyuma yangu. Naye akapitisha ukucha wake. Hakusema neno juu ya mkono, wala mimi sikumkumbusha. Akatoa ufunguo wa chumba mfukoni akanipa, na alikuwa nao tangu asubuhi, maana ulikuwa na joto la mwili.

"Hizo ndege zinafundisha nini hasa?" mzee wa maharage akauliza.

"Zinafundisha kuinama," dada wa stoo akamjibu, na hata mzee akacheka.

Jioni hiyo dada mwenyewe alitoa baiskeli yake, akafagia, akanisaidia kuingiza mkeka na sanduku langu. Nikachukua ule ufagio nikageuza mpini, nikagonga juu. Bati likalia. Nikagonga pembeni, na kule kwenye kona, likalia vile vile.

"Mama, unatafuta panya?"

"Nasikiliza."

Hakuna nyasi. Hakuna shitingi. Nikatundika pasi yangu kwenye msumari. Mashati ya mkuu yalikuwa yameshaletwa, yamerundikwa kwenye stuli, na kwa ajili yake nikaenda kukata jani jipya kwenye mgomba wa uani. Nikaliweka upande wa dirisha. Upande wa mlango, mbali nalo, nikaweka soksi na chupa ya spiriti, kwa sababu Mkongomani alikuwa anapita uani na mifupa ya bawa jingine begani, anaimbaimba, anauliza plastiki ikija kutoka Dar tutaanza na rangi gani.

"Nyekundu," nikamwambia. "Ionekane mpaka Titye."